Seti ya kwanza ya dramu ukiwa Hadado: mwongozo wa mwenye mfuko mdogo

Mwalimu mmoja kutoka Kwale, ambaye sasa anafundisha Hadado katika Kaunti ya Wajir, ameniandikia swali ambalo naona heri nilijibu hadharani. Shule yake imeanzisha klabu ya muziki. Wanafunzi sita hupiga madumu ya maji kwa vijiti vya mgunga, na anasema wawili kati yao wana mkono kweli. Walimu wamechanga, mzee mmoja ameuza mbuzi wawili akaongezea, na sasa wanataka kununua seti ya dramu. Anauliza: wanunue ipi, na watajuaje kwamba hawakuibiwa?

Mimi nimepiga dramu katika bendi za harusi na za hoteli hapa pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimewafunza vijana wachache. Maswali kama haya huyapata kutoka Faza, kutoka Garsen, kutoka Hola, kokote ambako duka la vyombo vya muziki halipo. Kwa hiyo majibu haya ni ya Hadado, lakini hata wewe msomaji wa kwingine unaweza kuyatumia.

Tuielewe kwanza hali yenyewe. Hadado iko Wajir Magharibi. Kutoka Nairobi hadi mji wa Wajir kupitia Garissa ni zaidi ya kilomita 600, na bado hujafika Hadado. Eneo hilo lilikosa mvua misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na mifugo wengi walikufa. Mzee anayeuza mbuzi wawili kwa ajili ya dramu za watoto ametoa kitu kikubwa. Pesa hiyo haitachangwa mara ya pili. Seti ikifika na pedali iliyokatika au ngozi iliyopasuka, itawekwa stoo na klabu itakufa.

Jibu langu kwa ufupi ni hili: usichague seti ya kwanza kwa ukubwa wala kwa jina. Jiulize maswali mawili. Je, mwanafunzi ataweza kuipiga kila siku? Na je, kitu kikiharibika kitatengenezwa hapo hapo alipo? Yote nitakayosema hapa chini yanatokana na maswali hayo mawili.

Seti ni vitu gani hasa

Seti ya dramu ilizaliwa Marekani, hasa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pale mtu mmoja alipoanza kufanya kazi ya wapigaji watatu. Kilichowezesha jambo hilo ni pedali ya mguu. William F. Ludwig na nduguye Theobald walianzisha kampuni yao Chicago mwaka 1909 wakiuza pedali yao wenyewe. Matoazi nayo yana asili ya huku kwetu mashariki: bendi za jeshi la Waothmani ndizo zilizoyafikisha Ulaya, na kampuni ya Zildjian inayojulikana dunia nzima ilianzia Istanbul mwaka 1623.

Wala mtu asiseme kwamba chombo hiki ni kigeni kwa Wasomali. Bendi za Mogadishu za miaka ya 1980, kama Dur-Dur na Iftin, zilikuwa na mpigaji dramu nyuma ya waimbaji. Huku pwani nako, bendi za hoteli zimekuwa na dramu miaka yote.

Seti ya kawaida ina ngoma tano. Kuna ngoma kubwa ya mguu, yenye upana wa inchi 22 au 20. Kuna sinea ya inchi 14, ile yenye nyaya chini zinazotoa mlio mkali. Kuna tomu mbili zinazokaa juu, za inchi 12 na 13 au 10 na 12. Na kuna tomu ya chini ya inchi 16 au 14, inayosimama kwa miguu yake mitatu. Pamoja na hizo kuna matoazi: haihati, yaani jozi ya matoazi ya inchi 14 inayofunguliwa na kufungwa kwa mguu, krashi ya inchi 16 au karibu na hapo, na raidi ya inchi 20. Kisha kuna pedali, stendi na stuli.

Hapa mwalimu awe macho. Muuzaji akisema "seti ya vipande vitano" anahesabu ngoma peke yake. Matoazi hayamo katika hesabu hiyo, na mara nyingine hata pedali na stuli hazimo. Nimewaona watu wakifurahia bei, wakafika nyumbani wakakuta wamenunua mizinga mitano isiyo na kitu cha kuisimamishia. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aandike kwenye karatasi kila kitu kilichomo, kimoja kimoja.

Kabla ya seti, vijiti na pedi

Kitu cha kwanza kununua ni vijiti, na vijiti ni rahisi kusafirisha. Vina namba. 7A ni vyembamba na vyepesi, vinafaa mikono ya watoto. 5A ni vya kati, na kama hujui uchukue vipi, chukua hivyo. 5B ni vinene zaidi na vinastahimili kishindo. Kwa klabu ya watoto sita, ningechukua jozi nne za 5A na jozi mbili za 7A. Viviringishe juu ya meza: kijiti kilichopinda kitarukaruka. Kisha gonga viwili pamoja usikie kama vinalia sauti inayokaribiana.

Pedi ya mazoezi mnaweza kuitengeneza hapo hapo. Kata ubao au plaiwudi ya ukubwa wa sahani. Chukua tyubu kuukuu ya gari, ikate kipande, ivute juu ya ubao mpaka ikaze, kisha ipigilie misumari midogo pembeni. Kijiti kitadunda vizuri na kelele itakuwa ndogo. Kwa gharama ndogo sana watoto sita wanafanya mazoezi kwa wakati mmoja, jambo ambalo hata seti ya bei ghali haiwezi kuwapa.

Wafanye nini kwenye pedi? Wapigaji wa dunia nzima hujifunza mipigo ya msingi. Chama cha Percussive Arts Society cha Marekani kiliorodhesha mipigo 40 mwaka 1984, lakini anayeanza anatosheka na mitatu. Wa kwanza ni kulia, kushoto, kulia, kushoto. Wa pili ni kulia mara mbili, kushoto mara mbili. Wa tatu unaitwa paradidli: kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Waanze polepole, kwa kufuata mdundo wa programu ya simu isiyohitaji intaneti. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi.

Pedi ina faida nyingine. Baada ya miezi miwili mwalimu atajua ni nani anapenda kupiga na ni nani alikuwa anapenda kuonekana. Ngoma ya kitoto haikeshi, walisema wazee, na ni afadhali ulijue hilo kabla pesa ya mbuzi haijatoka.

Mpya, ya mtumba au ya umeme?

Seti mpya za wanaoanza kutoka kampuni zenye jina zipo. Pearl wana Roadshow, Ludwig wana Accent, Tama wana Stagestar na Imperialstar, Yamaha wana Rydeen. Nyingi kati ya hizi mizinga yake ni plaiwudi ya mti uitwao poplar, na kwa kazi ya shule hazina neno. Chini ya hizo kuna seti zisizo na jina, au zenye jina ambalo hujawahi kulisikia. Hizo ndizo zinazowavutia wengi kwa bei.

Katika seti ya bei ya chini, mzinga si tatizo kubwa. Hata mzinga wa plaiwudi duni hutoa sauti nzuri ukivikwa ngozi nzuri na kukazwa sawasawa. Udhaifu huwa katika vitu vinne: pedali, stendi, ngozi na matoazi. Pedali duni hukatika cheni au springi. Stendi duni nati zake huliwa na tozi likaanza kuanguka katikati ya wimbo. Matoazi duni hutengenezwa kwa shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na sauti yake hufanana na kifuniko cha sufuria. Matoazi bora ni ya shaba nyekundu na stani: ya daraja la kati huwa na stani asilimia 8, na ya daraja la juu asilimia 20. Klabu haihitaji yale ya juu. Lakini tozi moja la kati ni bora kuliko matatu ya manjano.

Seti ya mtumba kutoka kampuni yenye jina ndiyo ambayo mimi ningeitafuta kwanza. Makanisa makubwa ya Nairobi na Mombasa hubadilisha dramu zao, bendi za hoteli huvunjika, na vijana huacha kupiga wakaoa. Seti hizo hutangazwa mtandaoni. Zina mikwaruzo, lakini chuma chake ni kizito, na skrubu zake ni za vipimo vinavyopatikana. Kwa bei ya seti mpya isiyo na jina unaweza kupata ya mtumba itakayodumu miaka kumi.

Seti ya umeme ina kazi yake. Kwa kijana anayeishi ghorofa ya tatu huko Majengo au Kisauni, ambako ukuta wa jirani ni ukuta wako, seti ya umeme yenye sahani za neti na visikizi vya masikioni ni neema. Alesis, Roland na Yamaha wanatengeneza za kuanzia. Lakini kwa klabu ya shule huko Hadado siishauri. Bila spika, anayepiga hujisikia mwenyewe na wenzake hawasikii kitu. Inahitaji umeme usiokatika. Vumbi likiingia kwenye soketi, au kisanduku chake cha sauti kikizima, hakuna fundi wa karibu. Kwa maswali yangu mawili, inashindwa la pili.

Na kama anayeanza ni mtoto wa miaka sita au saba, ziko seti ndogo ambazo ngoma yake ya mguu ni ya inchi 16. Mtoto huyo ataikua baada ya miaka michache. Ikiwa ana kaka zake, nunua ya watu wazima na umshushie stuli.

Igawanye pesa sehemu kumi

Bei sitaziandika, kwa sababu vitu hivi huagizwa kutoka nje na hupanda na kushuka pamoja na dola. Badala yake nitakupa mgawanyo ambao mimi huwapa vijana wangu. Chukua pesa yote uliyonayo uigawe sehemu kumi.

Sehemu nne ziwe za ngoma zenyewe. Mbili ziwe za chuma: pedali, stendi ya haihati na stuli. Mbili ziwe za matoazi. Moja iwe ya ngozi za akiba, vijiti na ufunguo wa kukazia. Moja ya mwisho iwe ya usafiri na dharura.

Ukiona sehemu nne hazitoshi kununua ngoma tano, usivunje mgawanyo. Punguza ngoma. Seti ya ngoma ya mguu, sinea na haihati inatosha kupiga karibu kila mdundo unaousikia redioni, kuanzia bango na chakacha hadi rege. Tomu zitakuja baadaye. Haba na haba hujaza kibaba, na mpigaji aliyezoea vitu vitatu hatababaika akiongezewa cha nne.

Namna ya kukagua ya mtumba

Mwalimu akipata seti, asiinunue kwa picha. Kama yeye hawezi kusafiri, amtume mtu anayemwamini aliye Nairobi au Mombasa, na amsomee orodha hii kwa simu.

Kwanza, vua ngozi ya kila ngoma na uutazame ukingo wa mzinga ambapo ngozi hukalia. Ukingo ukiwa umemeguka au mzinga umepinda ukawa yai, ngoma hiyo haitakaza sawasawa. Uweke juu ya meza iliyonyooka uone kama umelala vizuri.

Pili, zungusha kila skrubu kwa ufunguo. Moja iliyokosekana si tatizo. Tano zilizokwama kwa kutu ni tatizo.

Tatu, angalia sinea. Kuna kiwiko pembeni cha kubana na kuachia nyaya. Kibane na kukiachia mara kumi. Geuza ngoma uone kama nyaya zimenyooka na hazijakatika.

Nne, kanyaga pedali kwa dakika nzima. Isipige kelele ya chuma, na irudi yenyewe upesi.

Tano, lipandishe kila stendi hadi juu, likaze, kisha ulibonyeze kwa mkono. Likishuka, nati zake zimeliwa.

Sita, chukua kila tozi ulitazame kwenye mwanga, pembeni na kwenye tundu la katikati. Ufa hata wa urefu wa ukucha hukua. Ligonge taratibu karibu na ukingo: lenye ufa hukoroma badala ya kulia.

Saba, kalia stuli. Wengi hawalifikirii hilo, na stuli inayoyumba humharibu mgongo anayejifunza.

Kisha mtu huyo aandike vipimo vya kila ngoma kwa inchi na anunue ngozi ya akiba ya juu ya sinea, kwa sababu ndiyo inayokufa kwanza. Achukue funguo mbili, si moja. Ule mdogo wenye kichwa cha mraba hupotea kuliko sindano.

Kwa safari, vua miguu na stendi, ingiza tomu ndogo ndani ya kubwa huku zimetenganishwa kwa blanketi, na ufunge matoazi peke yake kati ya makaratasi magumu. Mabasi mengi ya kaskazini mashariki huondokea Eastleigh. Mzigo uandikwe jina, na tozi lisiwekwe chini ya gunia.

Jua la Wajir si jua la Mombasa

Hili wapigaji wa pwani wanalijua upande mmoja tu. Huku kwetu hewa ni ya unyevu. Ngozi ya tari au chapuo hunywa unyevu ikalegea, ndiyo maana kabla ya shughuli utaona moto wa makuti pembeni na ngoma zikipashwa. Mombasa hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Wajir hupata kama milimita 300. Huko ngozi hujikaza yenyewe. Ukiikaza kwa nguvu alfajiri, adhuhuri inaweza kupasuka bila kuguswa. Wenzetu wa Hadado hawahitaji moto; wanahitaji kivuli, na kulegeza ngozi kidogo kila wanapomaliza kupiga.

Kwa sababu hiyo hiyo, asikudanganye mtu ununue ngoma iliyochongwa kwa gogo la mwembe mbichi hapa pwani ukaipeleka Wajir. Mti ukikaukia huko hupasuka kufuata nyuzi zake. Mzinga wa plaiwudi huvumilia zaidi kwa kuwa tabaka zake zimelazwa kwa kupishana. Lakini nao usiuache kwenye chumba cha mabati kilichofungwa mchana kutwa, kwani joto hudhoofisha gundi. Ngozi za plastiki hazijali unyevu wala ukavu.

Vumbi linataka akili. Usizidishe mafuta kwenye pedali, kwa sababu mafuta hushika mchanga na mchanga husaga chuma. Tone moja, kisha futa. Seti ifunikwe kwa shuka kila baada ya mazoezi.

Kukaza ngoma ni kazi ya kujifunza siku ya kwanza. Vika ngozi, kaza skrubu zote kwa vidole mpaka ziguse. Kisha tumia ufunguo nusu mzunguko kila moja, ukivuka upande wa pili kila mara badala ya kuzunguka kwa foleni. Gonga karibu na kila skrubu, sauti zote zilingane. Usikimbilie kukaza sana. Ngoma ivumayo sana hupasuka.

Mlicho nacho tayari

Sasa nataka kumwambia mwalimu jambo ambalo huenda hajalitazama. Hadado hakuna duka la dramu, lakini kuna kitu ambacho wapigaji wa mjini wanakinunua: ngozi ya mbuzi.

Hadi katikati ya miaka ya 1950, dramu za Ulaya na Marekani zilivikwa ngozi za wanyama, hasa za ndama. Ngozi za plastiki zilienea baada ya hapo. Kampuni ya Remo, mojawapo ya waanzilishi wake, ilianzishwa mwaka 1957. Maana yake ni kwamba seti ya dramu ilikuwa ngoma ya ngozi kwa miongo mingi kabla ya kuwa ya plastiki, na inaweza kuwa hivyo tena.

Ngozi ya plastiki ikipasuka, usiitupe pete yake. Toa plastiki, ubaki na duara la chuma. Loweka ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa manyoya mpaka ilainike. Itandaze juu ya duara hilo, kunja kingo zake kuzunguka duara na uzichomeke kwa ndani kwa mpini wa kijiko, bila mikunjo. Iweke juu ya mzinga, vika pete ya nje, kaza kidogo tu kwa vidole, na uiache kivulini siku mbili. Itakauka na kujishika yenyewe. Sauti yake itakuwa nzito na ya joto, na kwa tomu ya chini na hata kwa ngoma ya mguu wengine wataipenda kuliko plastiki. Sehemu moja usijaribu: ngozi ya chini ya sinea, ile inayoguswa na nyaya. Hiyo ni nyembamba mno, iwe ya plastiki na uweke akiba.

Na wanawake wa huko wana durbaan yao, ngoma inayosindikiza buraanbur harusini. Kundi la kina mama la Gargar kutoka Garissa limefikisha nyimbo za aina hiyo hadi kwenye santuri. Mpigaji wa dramu anayeanza Hadado akikaa na mama mmoja mwenye mkono mzuri wa durbaan kwa jioni chache, atapata kitu ambacho video za mtandaoni hazina: mdundo wa kwao wenyewe. Sisi wa pwani tulijifunza hivyo kwenye msondo, vumi na chapuo. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alipiga msondo mpaka uzeeni, na chuo cha muziki cha Dhow Countries kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002 kinafundisha ngoma hizo pamoja na ala nyingine. Ukijua mdundo wa nyumbani, mguu wako kwenye pedali unakuwa na la kusema.

Majirani, sala na masikio

Dramu ina sauti kubwa. Sinea peke yake ikipigwa kwa nguvu hupita desibeli 100. Mpigaji avae vizibo vya masikioni tangu siku ya kwanza, kwa sababu masikio yakiharibika hayarudi.

Kuhusu dini, wanazuoni wetu wanatofautiana juu ya ala za muziki. Dufu harusini lina nafasi yake inayojulikana, na Maulidi ya Lamu hayaendi bila matari. Juu ya ala nyingine ikhtilafu ni kubwa, na safu hii haitoi fatwa. Ninachosema ni adabu. Mwalimu, wewe ni mgeni huko. Zungumza na wazee, na wazazi, na imamu, kabla seti haijafika, wala usingoje wakuulize. Waoneshe chumba kitakachotumika. Saa za mazoezi zisikaribie adhana wala darsa. Mzee aliyeuza mbuzi awe wa kwanza kualikwa kusikiliza. Seti iliyopokewa na mji italindwa na mji.

Mpango wa kununua

Kwa muhtasari, ningepanga hivi. Miezi miwili ya kwanza, vijiti na pedi za tyubu, na mazoezi kila siku. Katika muda huo mtafute mtu wa kukagua seti za mtumba, bila haraka. Mwezi wa tatu, nunueni ngoma ya mguu, sinea, haihati, pedali na stuli, pamoja na akiba. Muhula unaofuata, ongezeni tomu ya chini na tozi moja la kati. Tomu za juu ziwe za mwisho. Mkipata seti nzima nzuri ya mtumba kwa bei ileile, chukueni yote, lakini watoto waanze na vitu vitatu.

Mtu mmoja awe na ufunguo wa chumba, na kuwe na daftari la kuandika kila kilichovunjika na kilivyotengenezwa. Fundi wa kuchomelea vyuma wa karibu aoneshwe stendi na pedali siku ya kwanza, azijue kabla hazijakatika.

Neno la mwisho ni kwa wenye mamlaka. Mtaala wetu wa sasa unataka watoto wajifunze muziki ndani ya somo la sanaa, lakini vyombo havikufuata mtaala. Walimu wanachanga, na wazee wanauza mbuzi. Kaunti za Wajir, Garissa, Tana River na Lamu zingeweza kununua kwa pamoja na kupata bei ya jumla, kisha kila shule ikapewa hata sinea moja na pedi kumi. Mpaka siku hiyo, mwalimu wangu, anza na tyubu ya gari.